Nani kashika daftari? Kwa nini ugonjwa unaoletwa na dawa za shambani huchukua miaka kutambuliwa na sheria

Fukusi wa migomba anajulikana vizuri Bukoba na Buganda. Huingia shinani, hutoboa chini kwa chini, na siku upepo ukivuma mgomba wenye mkungu mzima hulala. Fukusi huyo huyo yuko Martinique na Guadeloupe, visiwa vya Karibiani vilivyo sehemu ya Ufaransa, ambako ndizi hulimwa ili zisafirishwe Ulaya. Huko, kuanzia 1972 hadi 1993, alipigwa vita kwa kemikali iitwayo klodekoni. Ilikuja kama unga. Vibarua, wengi wao wanawake, walipita mgomba kwa mgomba wakiuchota na kuumwaga shinani, mara nyingi kwa mikono mitupu.

Februari 1974 wafanyakazi wa mashamba ya ndizi ya Martinique waligoma. Walidai nyongeza ya mshahara, na katika madai hayo hayo walitaka waondolewe sumu walizokuwa wakishikishwa. Tarehe 14 askari waliwafyatulia risasi eneo la Chalvet. Mfanyakazi mmoja aliuawa, na siku mbili baadaye maiti ya kijana mwingine ikaokotwa ufukweni. Mwaka uliofuata, kiwanda kilichokuwa kikitengeneza kemikali hiyo hiyo huko Hopewell, jimbo la Virginia, Marekani, kilifungwa baada ya wafanyakazi wake kuanza kutetemeka mikono na macho kuwachezacheza. Mwaka 1979 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani kwa binadamu. Ufaransa iliipiga marufuku 1990, kisha ikawaruhusu wenye mashamba wa visiwani kuendelea nayo hadi 1993. Sheria ilipokuja kutamka kwamba saratani ya tezi dume kwa mtu aliyefanya kazi na viuatilifu, yaani dawa za shambani, inaweza kuwa ugonjwa wa kazini, ilikuwa Desemba 2021. Miaka 47 tangu ule mgomo.

Miaka hiyo ilikwenda wapi? Tusiharakishe kujibu kwamba wanasayansi walikuwa hawajui, maana waliogoma 1974 walikuwa wanajua, na Hopewell ilikuwa imejua. Sehemu kubwa ya muda huo ilimezwa na kitu kimoja ambacho mgonjwa wa kawaida hakioni mpaka afike mbele ya meza ya madai: kanuni inayosema nani anapaswa kuthibitisha, na athibitishe kwa karatasi gani.

Tuanze na swali lenyewe, kwa sababu kwa kweli ni maswali mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza: je, dawa hii inaweza kumletea mtu ugonjwa huu? Hilo ni la watafiti. La pili: je, ndiyo iliyomletea huyu bwana aliyekaa hapa mbele yetu? Hilo ndilo la mahakama, na hapo ndipo wengi huanguka. Mtafiti anahesabu watu mia saba, elfu moja, na kuona kwamba walioguswa zaidi wanaugua zaidi. Mwaka 2010, Luc Multigner, Pascal Blanchet na wenzao walichapisha utafiti wa namna hiyo kutoka Guadeloupe: wanaume waliokuwa na klodekoni nyingi zaidi kwenye damu walikuwa na hatari kubwa zaidi ya saratani ya tezi dume. Ni ushahidi mzito. Lakini hauwezi kumnyooshea kidole mgonjwa mmoja na kusema saratani yake yeye ilitoka kwenye unga, wala ya jirani yake ilitoka kwenye uzee. Saratani haina muhuri. Wakili wa upande wa pili anachohitaji ni kuuliza tu: baba yako hakuugua? Huvuti sigara? Huna miaka 70?

Kwa klodekoni kuna kikwazo cha ziada kinachouma. Kemikali hii inatoka mwilini. Ndani ya miezi michache nusu yake huwa imeshaondoka. Udongoni, kinyume chake, inakaa vizazi. Kwa hiyo imeingia kwenye mihogo, kwenye kuku wanaochakura, kwenye samaki wa pwani, na uchunguzi wa afya ya umma ulikuta zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wa visiwa vile wanayo kwenye damu. Fikiria sasa kibarua aliyeacha kumwaga unga 1993 anapopimwa leo. Damu yake inaonyesha alichokula mwaka huu, wala si alichoshika ujanani. Mwalimu ambaye hajawahi kukanyaga shamba la ndizi anaweza kuwa na kipimo kinachofanana na chake.

Kuna sumu nyingine ambazo alama yake hufutika haraka zaidi, na hizi wasomaji wa Naivasha na Usa River, penye mashamba ya maua, wanazifahamu. Dawa za kundi la organofosfati na kabamati huua mdudu kwa kuzuia kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuizima ishara ya neva ikishafika kwenye msuli. Binadamu naye anacho. Kikizuiwa, ishara haizimiki: mate yanajaa, machozi yanatoka, jasho, mboni ya jicho inasinyaa ikawa kama nukta, tumbo linakoroga, misuli inarukaruka. Mfanyakazi akifika zahanati akiwa na kichwa kinachouma, kutapika na uchovu, na hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani, ataondoka na dawa za malaria. Wiki kadhaa baadaye kimeng'enya kimerudi mahali pake na ushahidi umekwenda.

Zaidi ya hapo, kiwango cha kolinesterasi hutofautiana sana baina ya mtu na mtu. Kipimo kinachoonekana cha kawaida kinaweza kuwa ni kushuka kwa theluthi nzima kwa mtu ambaye kwake cha kawaida ni cha juu. Ndiyo maana kipimo cha siku ya kuugua hakisemi mengi peke yake. Kinahitaji kulinganishwa na kile kilichochukuliwa kabla hajaanza kupiga dawa. Jimbo la California limelijua hilo tangu miaka ya 1970. Wanaoshughulika mara kwa mara na dawa za kundi hili hupimwa damu kabla, na kimeng'enya kwenye chembe nyekundu kikishuka hadi asilimia 70 ya kiwango chao wenyewe, mwajiri anatakiwa awaondoe kwenye kazi hiyo mpaka kiwango kirudi juu. Utaona kwamba damu ya kwanza ndiyo inayobeba kesi nzima, na anayeweza kuamuru ichukuliwe ni mwajiri.

Hapa ndipo ninaposimama katika jambo hili. Jina la dawa iliyochanganywa lipo kwenye kitabu cha stoo. Tarehe zilizopigwa zipo kwa msimamizi. Majina ya waliokuwa zamu yapo kwenye daftari la malipo. Damu ya kwanza, kama ilichukuliwa, ipo kwenye faili la kampuni. Kisha sheria inamgeukia mtu pekee asiye na hata kimoja kati ya hivyo na kumwambia: thibitisha. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sijaona mahali usemi huo unapofaa kuliko kwenye mzigo wa ushahidi.

Nchi chache zimejaribu kuuhamisha mzigo huo. Ufaransa ilianza 1919, kwa walioumwa kwa sumu ya madini ya risasi na zebaki, ikatunga kitu kinachoitwa majedwali. Jedwali ni karatasi ya safu tatu: ugonjwa, muda, na kazi. Ukiwa na ugonjwa uliotajwa, ukagunduliwa ndani ya muda uliotajwa tangu ulipoacha kuguswa na sumu, na ukafanya kazi iliyotajwa, sheria inachukulia kwamba ugonjwa wako umetokana na kazi. Huulizwi tena kuhusu sigara. Huulizwi kuhusu baba yako. Swali la pili, lile lisilojibika, limeondolewa mezani kwa makusudi, kwa sababu waliotunga utaratibu huo walikubali kwamba hakuna mgonjwa atakayeweza kulijibu. Badala yake fidia nayo hukatwa kwa viwango maalumu, chini ya kile ambacho mahakama ingeweza kutoa. Ni mapatano: unapata kidogo, lakini unapata.

Kwa wakulima na vibarua, ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na mwili kukakamaa, uliingia kwenye jedwali Mei 2012, limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, ikafuata 2015, na saratani ya tezi dume 2021. Tangu 2020 kuna pia mfuko maalumu wa fidia kwa waathirika wa viuatilifu, ambao sehemu ya fedha zake hutoka kwenye kodi ya mauzo ya viuatilifu vyenyewe. Unamhudumia kibarua, mkulima anayejiajiri, na hata mtoto aliyedhurika tumboni kwa sababu ya kazi ya mzazi wake. Mtu akisoma haya kutoka mbali ataona Wafaransa wamemaliza kazi.

Sasa zisome zile safu tatu kwa jicho la kibarua wa Martinique. Jedwali la saratani ya tezi dume linataka awe amefanya kazi na viuatilifu kwa miaka 10, na ugonjwa uwe umegunduliwa ndani ya miaka 40 tangu alipoguswa mara ya mwisho. Aliyeacha 1980 na kugundulika 2021 amechelewa kwa mwaka mmoja. Jedwali limemfikia likiwa limeshamfungia mlango. Aliyeacha 1993 anao hadi 2033. Na miaka 10 ataithibitisha kwa nini? Wengi waliajiriwa kwa msimu, wengine hawakuandikishwa kabisa, wengine mwajiri aliwaandikia siku chache kuliko walizofanya. Mzigo uliondolewa kwenye sayansi ukarudi kwenye daftari. Hii ni sababu mojawapo ya madai kuwa machache kuliko wagonjwa, na ndiyo maana vikundi vya wafanyakazi visiwani vimekuwa vikitumia muda wao kuwasaidia wazee kutafuta hati za malipo za miaka ya 1970.

Halafu kuna wanawake. Wao ndio waliokuwa wengi kwenye kumwaga unga, na mwanamke hana tezi dume. Anaweza kudai kwa limfoma au Parkinson kama amezipata, lakini ugonjwa mmoja ambao serikali iliuingiza kwenye jedwali kwa ajili ya kilio cha klodekoni haumgusi. Kila nikifika hapa kalamu inakuwa nzito. Mama aliyeshika ndoo ile ile kama mume wake, asubuhi zile zile, kwa mgomba ule ule, kwenye jedwali hilo hayupo.

Wapo wanaouliza kwa nini watu hawa wasiende mahakamani moja kwa moja kumshtaki aliyeuza sumu. Walikwenda. Malalamiko ya jinai kuhusu klodekoni yalifunguliwa 2006. Januari 2023 majaji wa uchunguzi wa Paris waliyafunga bila mtu kushtakiwa. Walikiri kwamba hii ni kashfa ya afya, lakini wakasema muda umepita mno na ushahidi wa jinai hautoshi. Ni vizuri kutenganisha mambo haya, maana magazeti huyachanganya. Kutambuliwa kwa ugonjwa wa kazini hakumtii mtu hatiani. Kunasema tu kwamba kazi ndiyo chanzo na fidia ilipwe. Kesi ya jinai hutafuta mkosaji. Na kuna njia ya tatu, kuidai serikali kwa uzembe wake: Machi 2025 mahakama ya rufaa ya kiutawala ya Paris iliamua kwamba serikali ilikosea ilipoiruhusu klodekoni, na kwamba wanaoweza kuthibitisha hofu waliyoishi nayo kwa kujua wameguswa na sumu hiyo walipwe. Mtu mmoja anaweza kushinda kwenye njia moja na kushindwa kwenye nyingine, kwa ugonjwa ule ule.

Anayetaka kuona njia ya mahakama ilivyo ndefu aitazame Nikaragua. Hapo adui wa migomba alikuwa minyoo fundo, vijidudu vya udongoni vinavyoshambulia mizizi, na dawa ilikuwa DBCP, iliyojulikana zaidi kwa jina la Nemagon. Majaribio ya panya yaliyofanywa 1958 yalikuwa yameonyesha kwamba inasinyaza korodani. Mwaka 1977 wanaume wa kiwanda kimoja huko Lathrop, California, walikaa wakaulizana mbona miongoni mwao hakuna anayepata mtoto. Wakapimwa, na wengi wakakutwa hawana mbegu au wanazo chache mno. Marekani ikaanza kuizuia, lakini kwenye mashamba ya ndizi ya Amerika ya Kati matumizi yaliendelea kwa muda baada ya hapo.

Huu ulikuwa ugonjwa ambao hauna ubishi mwingi wa kisayansi. Vibarua walipokwenda kudai Marekani, hata hivyo, jibu walilopewa mara nyingi ni kwamba kesi yao ni ya kwao, waende kwao. Mwaka 1995 jaji wa Houston aliondoa kesi za maelfu ya wafanyakazi kwa hoja hiyo. Nikaragua ikatunga Sheria namba 364 mwaka 2000, ikasema kibarua akithibitisha alifanya kazi na dawa hii na akapimwa kuwa tasa, inachukuliwa kwamba dawa ndiyo sababu, wala kampuni hairuhusiwi kubisha. Hukumu za mamia ya mamilioni ya dola zikatoka. Mwaka 2009 mahakama ya Florida ilikataa kuitekeleza mojawapo, ya dola milioni 97, kwa maelezo kwamba sheria iliyomnyima mshtakiwa nafasi ya kujibu si ya haki. Dhana ambayo kwenye mfuko wa fidia ni mapatano, kwenye kesi ya kumshika mtu mali yake ilionekana ni uonevu. Tofauti hiyo ina maana: jedwali la Ufaransa linaruhusu kupingwa, na anayelipa si aliyetuhumiwa peke yake.

Mwaka huo huo jaji wa Los Angeles alifuta kesi nyingine za vibarua wa Nikaragua baada ya kuamua kwamba baadhi ya walalamikaji walikuwa wamepangwa, na hawakuwahi kufanya kazi kwenye mashamba hayo. Nasema haya kwa uchungu kwa sababu udanganyifu ule uliwaangukia waliodhurika kweli. Lakini tujiulize uliwezekanaje. Penye orodha kamili ya waliokuwa kazini hakuna mtu wa kupandikizwa. Pasipo daftari, mwongo na mkweli wanasimama sawa mbele ya hakimu, na mkweli ndiye mwenye hasara.

Kwetu hali ikoje? Sheria tunazo, na msingi wake ni mzuri: mfanyakazi aliyeugua kwa sababu ya kazi halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya 2008 na kuanza kazi 2015. Waajiri ndio wanaochangia, sasa asilimia 0.5 ya mishahara, na anayelipa ni Mfuko. Kenya ilichukua njia nyingine kwa sheria ya fidia ya 2007, ile inayoitwa WIBA: mwajiri hukata bima, dai hupitia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na ulemavu kamili wa kudumu hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96. Desemba 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya ilithibitisha kwamba dai lianzie kwa Mkurugenzi, lisiruke moja kwa moja mahakamani. Nauona utaratibu wa Mfuko kuwa salama zaidi kwa kibarua, kwa sababu kampuni ya bima ina kila sababu ya kubishana naye. Na Shirika la Kazi Duniani, kwenye orodha yake ya magonjwa ya kazini iliyopitiwa 2010, limeyataja magonjwa yanayotokana na viuatilifu.

Kinachobaki nje ni kikubwa. Mkulima mdogo wa nyanya anayebeba bomba mgongoni kwenye nusu eka yake hana mwajiri, kwa hiyo hana wa kumchangia. Kibarua wa siku anayelipwa jioni mkononi na nyapara hana hati inayosema alikuwepo. Mkata maua hapigi dawa, lakini akiingizwa kwenye banda la maua lililopigwa dawa kabla ya muda uliowekwa kupita anaishika kwenye majani asubuhi nzima, na kwenye karatasi kazi yake imeandikwa "kuvuna".

Basi daftari lisiachwe kwa mwajiri peke yake. Chupa ya dawa ina kibandiko chenye jina la kiambato hai, maandishi madogo chini ya jina la biashara. Simu yoyote yenye kamera inakichukua kwa sekunde moja, na picha inabaki na tarehe. Daftari la shule linatosha kuandika siku, banda, dawa na nani alikuwa zamu. Tanzania, sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 inataka mfanyakazi apimwe kabla ya kuanza, akiwa kazini, na anapoondoka; omba nakala ya majibu, hasa ya kipimo cha kwanza. Ukienda zahanati, mwambie daktari unafanya kazi gani kabla hajakuuliza unaumwa wapi, na usimame pale mpaka aandike kwenye kadi: kazi, kupiga dawa, shamba la maua, tangu mwaka fulani, mara ya mwisho jana.